Usimlipe Mtu Akufutie Jina CRB: Namna Nilivyoipinga Ripoti Yenye Kosa

Juma lililopita kijana mmoja wa Voi aliniandikia akieleza kwamba amepata kazi, ameambiwa alete cheti cha CRB, yaani cha shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kuthibitisha kwamba hana deni baya, na alipokiomba akakuta jina lake limebandikwa deni la mkopo wa simu ambalo anaapa hajawahi kulichukua. Swali lake halikuwa namna ya kulipinga. Alitaka kujua kama Sh5,000 ni bei nzuri, kwa kuwa kuna jamaa amemwahidi kwamba akilipwa kiasi hicho ataliondoa jina "kwenye mfumo" kabla ya Ijumaa. Nilimjibu papo hapo asitoe hata shilingi, na wala asimtumie mtu huyo picha ya kitambulisho chake. Lakini jibu la mstari mmoja halimsaidii mtu aliyekwama, na mimi njia hiyo nimeipita, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu.

Mimi hushona sare za shule hapa Mombasa. Aliye katika kazi hii anajua kwamba mwaka wetu wote umo katika Novemba na Desemba: usiponunua majora ya kitambaa wakati huo, Januari shule zikifunguliwa utabaki kuwatazama wenzako wakipakia mizigo. Mwaka juzi shule moja iliniahidi kazi ya sare pamoja na beji, nami nikaona wakati umefika wa kununua cherehani ya kudarizi badala ya kuwapelekea wengine beji zangu na kugawana nao faida. Niliomba benki mkopo wa Sh600,000. Nilikuwa na vitabu vya mauzo, nilikuwa na barua ya shule, na akaunti yangu ilikuwa ikipokea fedha kila mwezi bila kukauka. Afisa wa mikopo alikwisha kuniambia, "Mama, hii imeisha, tunangoja sahihi tu."

Siku ya sahihi alitazama kompyuta, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia waliokaa nyuma yangu, "Mama, una deni CRB. Nenda ukasafishe jina kwanza." Hakunionyesha deni lenyewe ni la nani wala ni kiasi gani. Nakiri kwamba hadi leo sauti ile inaniudhi kuliko hasara niliyoipata baadaye, kwa sababu nimekopa mara nyingi na sijawahi kumkimbia anayenidai. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mkopeshaji anayekukataa kwa sababu ya ripoti hiyo anapaswa kukujulisha, na kwamba ukishakataliwa una haki ya kupata nakala ya ripoti bila malipo mradi uiombe katika siku 30 zinazofuata. Mbali na hiyo, kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika lenye leseni. Mashirika hayo ni matatu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja lina faili lake. Jambo hili la mafaili matatu likumbuke, maana lilinigharimu.

Nilipopata ripoti yangu niliisoma kama mwanamke anayesoma barua ya mahari ya bintiye, neno kwa neno. Wengi wetu tunadhani CRB ni orodha ya wadaiwa sugu tu, kumbe tangu kanuni za mwaka 2013 benki hupeleka huko habari nzuri na mbaya pia, na mikopo yangu yote niliyoilipa vizuri ilikuwamo. Kila mkopo una mstari wake unaoonyesha jina la mkopeshaji, nambari ya akaunti, kiasi kilichokopwa, salio, tarehe ya malipo ya mwisho, siku za kuchelewa, na hali ya akaunti. Mistari yangu yote ilikuwa safi isipokuwa mmoja, wa mkopo mdogo wa Sh60,000 niliokuwa nimeuchukua kwa mkopeshaji mwingine kununulia kitambaa. Mkopo huo nilikuwa nimeumaliza. Ripoti ilisema nadaiwa Sh7,340, akaunti hailipwi, na siku za kuchelewa zilikuwa zikiongezeka mwezi baada ya mwezi.

Kilichonipa silaha ni tarehe. Ripoti ilisema malipo yangu ya mwisho yalifanyika Machi. Nikafungua taarifa yangu ya M-Pesa, nikakuta malipo ya Sh5,200, awamu ya mwisho kabisa, yaliyokwenda Aprili 28 kwenye Paybill ile ile na kwa nambari ile ile ya akaunti niliyoitumia miezi yote. Fedha zilitoka kwangu na zikapokelewa. Mkopeshaji alikuwa amebadilisha mfumo wake mwezi huo na kuwapa wateja nambari mpya za akaunti, na malipo yangu yaliyokuja na nambari ya zamani yakaangukia kwenye akaunti ya fedha zisizojulikana mwenyewe, yakalala huko huku riba na faini zikipanda juu ya jina langu. Kanuni zinamtaka mkopeshaji amtumie mteja ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya CRB. Waliniambia ilani ilitumwa. Mpaka leo sijaiona.

Nilipowapigia simu, mhudumu alinisikiliza vizuri kisha akanipa ushauri ambao huenda hata wewe umepewa: "Mteja, lipa kwanza hicho kidogo ili tukupe barua, halafu utafuatilia kurudishiwa." Sh7,340 ningeweza kuzilipa siku ile ile, na msimu ulikuwa ukinikimbia. Nilikataa, na katika mambo yote niliyoyafanya katika kisa hiki, hilo ndilo ninalojivunia zaidi.

Sababu ni hii, na naomba uielewe hata kama mengine yote utayasahau. Ukilipa deni usilodaiwa, salio litakuwa sifuri, lakini ripoti itaandika kwamba ulishindwa kulipa kisha ukalipa baadaye. Historia hiyo mbaya hukaa kwenye faili lako kwa miaka mitano tangu siku ya kulipa. Kila afisa wa mikopo atakayelifungua faili lako kwa miaka hiyo ataiona, na wewe mwenyewe utakuwa umeitilia sahihi kwa fedha zako, maana ni nani atakayekuamini ukisema deni halikuwa lako ilhali ulilipa? Cheti cha CRB unaweza kupewa, ndiyo, lakini cheti na ripoti ni vitu viwili. Anayetafuta kazi huenda akatoshwa na cheti. Sisi tunaotaka kukopa tukaikuza biashara tunahitaji ripoti iliyo sahihi.

Kwa hiyo niliandika barua. Niliisahihisha mara kadhaa, kwa sababu ya kwanza ilijaa hasira, na hasira haina mahali pa kujazwa katika fomu ya malalamiko. Barua iliyokwenda ilikuwa fupi, na sehemu yake yenye uzito ilisomeka hivi: "Napinga maelezo ya akaunti inayoishia na 318. Ripoti inaonyesha malipo ya mwisho kuwa ya Machi. Kiambatisho cha pili kinaonyesha malipo ya Sh5,200 yaliyopokelewa Aprili 28, ambayo yalikamilisha mkopo. Naomba salio lisahihishwe kuwa sifuri, siku za kuchelewa zifutwe, na akaunti ionyeshwe kuwa ililipwa kwa wakati." Sikuomba msamaha wala huruma, na sikueleza habari za watoto au karo. Niliambatisha nakala ya kitambulisho, ukurasa wa ripoti nikiwa nimeupigia mstari mahali penye kosa, taarifa kamili ya M-Pesa, na ratiba ya malipo niliyopewa siku ya kukopa. Taarifa ya M-Pesa niliiomba Safaricom kwa barua pepe, kwa sababu picha ya skrini ya simu mtu anaweza kuitilia shaka, lakini taarifa rasmi inayoonyesha malipo yote ya mkopo, moja baada ya jingine, inamnyamazisha.

Barua hiyo niliituma kwa mkopeshaji na kwa shirika la CRB siku moja. Hapa wengi hukosea. Wako wanaogombana na CRB peke yake, wakisahau kwamba CRB haikuandika habari hizo. Ilizipokea kutoka kwa mkopeshaji, na ndiye anayepaswa kuzirekebisha kwake ili mwezi unaofuata asizipeleke tena zikiwa na kosa lile lile. Wako pia wanaogombana na mkopeshaji peke yake, naye anawazungusha. Ukiandikia CRB, kanuni zinaitaka iweke alama kwenye ripoti yako kwamba habari hizo zinapingwa na zinachunguzwa, imtake mkopeshaji athibitishe, na imalize uchunguzi katika muda uliowekwa. Alama hiyo ni kitu kikubwa. Afisa wa benki anayeiona anajua kwamba wewe unayedaiwa unalikana deni hilo, na kwamba mwenye jukumu la kuthibitisha sasa ni yule aliyekushtaki.

Sitawachosha na habari za simu na barua pepe zilizofuata. Hatimaye idara ya hesabu ya mkopeshaji ilizipata fedha zangu zilikolala, ikazipeleka kwenye mkopo kwa tarehe yake halisi, na salio likawa sifuri. Shirika nililokuwa nimeliandikia lilisahihisha. Nilirudi benki nikiwa nimeinua kichwa, na afisa yule yule akaniambia bado naonekana mdaiwa, kwa sababu benki yake ilikuwa ikitumia shirika jingine. Ndiyo maana nilisema ukumbuke mafaili matatu. Niliituma barua ile ile pamoja na uthibitisho wa mkopeshaji kwa mashirika mawili yaliyobaki, jambo ambalo ningeshauri ulifanye tangu siku ya kwanza. Mkopo wangu uliidhinishwa Februari, wakati watoto walikwisha kuvaa sare zilizoshonwa na mtu mwingine. Cherehani ninayo sasa na inafanya kazi, lakini kazi ya shule ile sijaipata tena, na barua ya mkopeshaji ya kusahihisha haikuwa na neno hata moja la samahani.

Sasa nirudi kwa kaka wa Voi. Deni usilolijua kabisa lina njia yake. Anza kwa kupiga *106# kwenye laini ya Safaricom uone ni nambari gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa maana mara nyingi mkopo wa namna hiyo hutokana na laini aliyoisajili mtu mwingine kwa jina lako. Ukiikuta laini usiyoijua, ripoti polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na nambari hiyo iingie kwenye barua yako ya kupinga. Mtake mkopeshaji akuonyeshe mkopo ulitumwa kwa nambari gani ya simu na tarehe gani. Kama hana jibu la swali hilo, hana deni la kukudai.

Mwangalie pia mkopeshaji mwenyewe ni nani. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwanyima wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB, na tangu kanuni za mwaka 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanahitaji leseni yake, na orodha ya wenye leseni imo kwenye tovuti ya benki hiyo. Katika mabadiliko hayo ya mwaka 2020 iliamuliwa pia kwamba mtu asiorodheshwe vibaya kwa deni lisilofika Sh1,000, na kwamba cheti cha kwanza cha CRB kitolewe bure. Wengine wataichanganya habari hii na ule mpango wa Novemba 2022 uliowapunguzia wadaiwa wa mikopo ya simu nusu ya deni. Ule ulikuwa wa watu waliodaiwa kwa kweli, nao muda wake ulikwisha Mei 2023. Wewe huna cha kupunguziwa.

Wakikupuuza, usirudi kwa yule jamaa wa Sh5,000, kwa sababu hakuna wakala anayeweza kufuta mstari kwenye faili la CRB. Habari hizo hurekebishwa na mkopeshaji na shirika lenyewe, na anachoweza kukifanya wakala huyo kwa nakala ya kitambulisho chako ni kukukopea tena. Peleka malalamiko Benki Kuu, na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya mwaka 2019, ukiambatisha barua zako zote na tarehe ulizozituma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Kitaje kwenye barua. Mimi nilikitaja katika barua yangu ya pili, na majibu yakaja kwa lugha tofauti kabisa na ya ile ya kwanza.

Kwa mwajiri wako, usingoje mambo yaishe. Mpelekee leo nakala ya malalamiko yako yenye nambari ya kumbukumbu kutoka CRB, umweleze kwamba deni linapingwa na kwamba cheti kitafuata. Ukishaiandika rasimu ya barua na ukitaka niipitie, nitumie, lakini nambari ya kitambulisho na ya simu zifute kwanza.