Kanga na kwale: uanze na shotigani ipi, risasi namba ngapi

Nyie mnaoanza kuwinda ndege, kibali cha silaha mnacho, leseni ya uwindaji mmeshalipia, sasa kila mtu anawaambia chukua geji 12 kubwa kubwa (geji ni upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi). Mi nasema ipandishe begani kwanza ukiwa umefumba macho, halafu fumbua, kama jicho haliko sawa na mtutu hiyo siyo yako hata iwe bei chee, maana kwale anaruka ghafla toka miguuni pako na muda wa kujipanga hamna.

Geji 12 inafanya kazi zote, 20 ni nyepesi na ukitembea porini kutwa utaona raha yake. Ila msizichanganye mfukoni jamani!! Risasi ya 20 wameifanya ya njano makusudi, ukiitia kwenye 12 inateleza mpaka inakwama ndani ya mtutu, we unadhani hamna kitu unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka hapo hapo ulipoushika. Ukisikia tiki bila mlio, subiri kidogo umeielekeza pasipo na mtu, fungua, toa, chungulia.

Kwenye marisau, zile punje zilizo ndani ya risasi, namba ikipanda punje zinapungua ukubwa. Kwale namba 6 au 7, gramu 28 za punje zinatosha. Kanga ni mgumu, mpe namba 5 gramu 32 mpaka 36. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga kanga na namba 8, mita kama 50 hivi, manyoya yakaruka, akaanguka, akainuka akakimbilia kichakani, tukamtafuta mpaka jua la utosi hatukumpata. Iliniuma sana na bado inaniuma, ndege kafia mbali bure. Tangu siku ile mita 35 ndo mwisho wangu.

Halafu namba hazifanani kila nchi, 6 ya Uingereza punje ni milimita 2.6, 6 ya Marekani ni karibu 2.8, kwa hiyo soma milimita kwenye boksi.

Choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia punje zisitawanyike sana, ya robo kwa kwale, ya nusu kwa kanga. Lakini usiamini maneno yangu tu, tundika karatasi kubwa mita 30, piga mara moja, chora duara la sentimita 75 palipojaa matundu, ukiona pengo anapopita kanga mzima bila kuguswa badilisha choki au risasi, upige tena karatasi mpya.