Kingamwili za mbuzi hazishiki kwenye resini

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko maabara hapa Bagamoyo, najifunza kusafisha kingamwili za seramu ya mbuzi kwa resini ya protini A (punje zilizobandikwa protini inayonasa kingamwili). Kila nikimaliza napata kidogo mno. Mwenzangu anasema resini imekufa, tuagize nyingine, na bei yake si mchezo. Nifanyeje?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiagize kitu kwanza. Na yale maji yaliyopita kwenye resini mara ya kwanza, kama hamjayamwaga, yatieni friji. Nadhani kingamwili zako nyingi zimo humo.

Protini A asili yake ni bakteria Staphylococcus aureus. Huidaka IgG, kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye damu, sehemu ya Fc, kwenye shina lake, albumini na protini nyinginezo za seramu zikapita. Ila ina upendeleo. IgG ya sungura huing'ang'ania, ya mbuzi huishika shingo upande, na IgY, kingamwili ya kuku, haina habari nayo. Hata ya binadamu, aina yake moja, IgG3, huiponyoka. Kwa mbuzi tafuta protini G, inayotokana na Streptococcus. Mililita 1 ya resini hiyo inatosha kabisa kujifunzia. Hiyo yenu ijaribuni kwa seramu ya sungura. Ikishika, mwambie mwenzako maiti kafufuka.

Hujaniuliza habari za kuzitoa kingamwili kwenye resini, lakini nitasema, maana hapo ndipo vijana wengi huharibu. Glisini ya pH 2.7 huziachisha kingamwili vizuri, ila zikikaa kwenye tindikali hiyo hugandana. Tui ukilitia ndimu jikoni kwetu Tanga unajua linavyokatika. Basi Trisi ya pH 9, dawa ya kupoza tindikali, itangulie ndani ya vichupa, mikrolita 100 kwa kila mililita unayotarajia kukinga. Nimeona watu wanakinga vichupa vyote, wanakwenda kunywa chai, ndipo wanakumbuka Trisi!

Ukimaliza, osha resini, uihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 20, nyuzi 4. Isiingie friza hata siku moja: punje zake kwa kawaida ni za agarosi, barafu huzipasua. (Agarosi hutokana na mwani, ila si huu wanaolima kina mama wa pwani yetu; huu hutoa karagini.) Na kichupa kiandikeni "protini A" au "protini G" kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu zikishakuwa ndani ya ethanoli hutazijua kwa macho.