Waulizeni wameshika nini mkononi

Mmeuliza wiki hii: je, vikundi vinavyojitolea wiki moja kukarabati nyumba za maskini huko milimani vinasaidia kweli, au ni matembezi tu?

Mimi nilikwenda, mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani, kwenye milima ya Appalachia. Nasema vinasaidia, mradi visianze na brashi ya rangi.

Tulipewa nyumba ya aina ile inayotoka kiwandani ikakokotwa na lori, ya kabla ya Juni 1976, serikali ya Marekani ilipoanza kuziwekea viwango vya ujenzi. Sakafu yake ilikuwa ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba, kisha inamung'unyika. Mama mwenye nyumba alitaka tumpakie rangi sebule. Msimamizi wetu akaomba aone bafu kwanza. Mama akasitasita, aibu ya nyumba ni nzito kuliko paa lake. Msimamizi akachomeka bisibisi karibu na choo, ikazama hadi mpini. Wajukuu walikuwa wameshafundishwa pa kukanyaga.

Siku tatu tukalala chali matopeni chini ya nyumba. Kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja, pengine kwa miaka. Tukakibadilisha, tukakata boriti zilizooza, tukapigilia mpya na plaiwudi juu yake. Sebuleni nako tuligundua kikundi fulani kiliwahi kupaka dari rangi juu ya doa la maji bila kupanda paani. Hao ndio wa matembezi.

Paa hatukulimaliza. Wiki moja haitoshi, ndiyo maana napenda utaratibu wa mashirika kama Appalachia Service Project, lililoanzishwa na mchungaji Glenn Evans mwaka 1969: vikundi vinapokezana majira yote ya kiangazi, na wanaoondoka wanawakabidhi kazi wanaofuata. Lengo lao ni nyumba yenye joto zaidi, usalama zaidi na ukavu zaidi. Uzuri haumo.

Ijumaa yule mama aliingia bafuni na viatu vyake, akakanyaga pale pale karibu na choo. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Kisha akatugeukia: na rangi yangu je?

Tukamwachia kopo mbili.