"Faili inasomwa kwenye GPU": hapo inatoka au inaingia?

Swali: Mi naandika maelezo kwa Kiswahili ya programu inayotumia GPU (prosesa ya michoro na hesabu nyingi), juzi nikaandika "faili inasomwa kwenye GPU bila kupita kwenye memori kuu", mwenzangu akaelewa eti data iko kwenye GPU na sisi ndo tunaitoa huko. Nilimaanisha kinyume kabisa. Nimekosea wapi? Halafu ni inasomwa au linasomwa?

Jibu: Sarufi hujakosea ndugu yangu, ulichokosea ni kuiamini hiyo "kwenye" kupita kiasi.

Kwenye haina upande. Inakwambia mahali tu, basi, habari ya kuingia au kutoka imeachiwa kitenzi. Ukisema nimetia hela mfukoni, halafu ukasema nimetoa hela mfukoni, mfuko ni uleule na hiyo -ni ni ileile, kilichobadilika ni tia na toa. Sasa iangalie soma. Nimesoma kwenye gazeti, nimesoma kwenye kitabu, kila mtu anajua gazeti ndo chanzo, maneno yametoka humo yakaingia kichwani. Kwa hiyo ukiandika inasomwa kwenye GPU umeshaifanya GPU kitabu, na mwenzako kasoma Kiswahili chako vizuri tu, usimlaumu. Andika ndo inakwenda upande wa pili: andika kwenye daftari, daftari linapokea. Ndo maana kwenye cuFile, maktaba ya NVIDIA ya kusoma na kuandika faili, ukieleza amri ya cuFileWrite kwamba inaandika kwenye faili hakuna anayepotea, kasheshe inakuja kwenye ile ya kusoma, cuFileRead.

Na kwa mada yako upande ndo habari yenyewe. Kwa njia ya zamani data inatoka kwenye diski, inatua kwanza kwenye bafa (sehemu ya kuwekea data kwa muda) ya memori kuu, halafu inanakiliwa tena kwenda memori ya GPU, yaani mzigo unashushwa njiani na kupakiwa upya na prosesa inapoteza muda kwa kazi ya upagazi. GPUDirect Storage ya NVIDIA, teknolojia inayotumiwa kupitia hiyo cuFile na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2021, inaruka hicho kituo cha katikati: data inahamishwa kwa DMA (yaani bila prosesa kuibeba) kutoka kwenye diski ya NVMe, aina ya diski ya kasi, mpaka kwenye memori ya GPU. Sasa sentensi yako ina chanzo, ina mwisho na ina mahali pasipopitwa, na wewe kwenye zako mbili zinafanya kazi mbili tofauti huku chanzo hujakitaja kabisa! Mi ningeandika hivi: "Data inasomwa kutoka kwenye faili na kuingia moja kwa moja kwenye memori ya GPU, bila kupitia memori kuu." Kutoka na kuingia zimebeba upande, kwenye imebaki na kazi yake ya mahali.

Nimeweka kupitia, siyo kupita, kwa sababu unachosema ni njia gani data inashika, kupitia ndo inatulia hapo. Na hiyo moja kwa moja iangalie pia, maana mfumo usipoiwezesha hiyo njia, cuFile ina hali ya kurudi kwenye njia ya zamani kimyakimya, kwa hiyo kama maelezo yako ni ya mashine yoyote ile ongeza "inapowezekana".

Ukitaka fupi, tumia pakia: "faili linapakiwa kwenye memori ya GPU". Pakia inaingiza kwenye chombo kwa asili yake, hakuna wa kuigeuza. Ila kurudisha data kwenye diski usiseme pakua, ingawa ndo kinyume chake, watu watafikiria intaneti. Sema andika.

Kitu kingine, cuFileRead inataka uitajie ofseti (umbali kutoka mwanzo) mbili, moja ya faili na moja ya memori ya GPU. Nimeshaona mtu kaziita zote "mahali pa kusomea", sasa hapo nani atajua ipi ni ipi! Ya faili iite mahali pa kusomea, ya memori iite mahali pa kuwekea.

Haya, inasomwa au linasomwa. Watu wanasema zote, faili hii na faili hili, wala sitagombana na mtu. Lakini kwenye maandishi ya namna yako mi nashika li-, na sababu yangu siyo ya darasani: data ni i-, diski ni i-, memori ni i-, GPU nayo ni i-. Ukiandika "GPU ikishaipata inaisoma", hiyo i- ya katikati ni ya data, ya diski au ya faili? Ukiandika "ikishalipata inalisoma" ni faili tu, hakuna kingine hapo chenye li-.