Mwalimu kaniandikia "jografia sio sanaa"

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma kidato cha sita HGL (Historia, Jografia na Kiingereza), kwetu Mto wa Mbu, pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Tangu mdogo nachora, daftari langu la jografia limejaa milima na mabonde. Juzi mwalimu kanirudishia kaandika kwa peni nyekundu "jografia sio sanaa", na baba nae anasema nichague moja. Hivi kweli havipatani?
Mchoraji, Mto wa Mbu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwalimu simsemi, ana mitihani ya kuwavusha. Ila hilo bonde unaloliona ukifungua mlango lina ndugu yake chini ya bahari, na aliyemgundua alikuwa mezani anachora.

Anaitwa Marie Tharp, Mmarekani, kazaliwa 1920. Baba yake alikuwa mpimaji wa udongo wa serikali, mtu wa ramani, na alimwambia mtoto atafute kazi anayoiweza na anayoipenda (hii msomee baba). 1948 Marie akaanza kazi Chuo Kikuu cha Columbia, na kundi lililokuja kuwa maabara ya Lamont. Meli za utafiti zilikuwa zinapeleka mlio chini, mlio ukigonga sakafu ya bahari unarudi, muda uliotumika ndo unakupa kina, lakini yeye kupanda meli hizo ilikuwa marufuku kwa sababu ni mwanamke, kwahiyo alibaki na mafurushi ya karatasi za vipimo. Akazigeuza kuwa michoro sita inayokata Atlantiki ya kaskazini, akaipanga mmoja chini ya mwingine, akaona katikati ya safu ya milima iliyoko chini ya maji kuna mkato kama V, na unajirudia. Akamwambia mwenzake Bruce Heezen hili ni bonde la ufa. Jamaa akasema hizo porojo za wasichana!

Kilichomgeuza ni mchoro mwingine. Palikuwa na Howard Foster, kiziwi, kasomea sanaa Boston, kazi yake kuweka nukta kwenye ramani kila palipotokea tetemeko. Skeli yake ni ileile ya Marie, sasa walipozipandisha ramani mbili juu ya meza yenye taa chini, nukta zikaangukia ndani ya bonde. Wakazifuata nukta bahari hadi bahari mpaka Ghuba ya Aden, zikapanda nchi kavu zikaingia huku kwetu, Bonde la Ufa.

Halafu sikia hii. Jeshi la majini la Marekani liliweka vipimo vya kina kuwa siri, kuchapisha kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kina sawa) ilikuwa hairuhusiwi, ndo wakaamua kuichora sakafu ya bahari kama unaitazama toka angani na maji yamekauka. Yaani marufuku ndo ilileta sanaa! Na mlima ukiuchora hivyo huwezi kukwepa, lazima uamue upande wa pili ukoje, na ukitaka kuamua utajiuliza mwamba umetokea wapi, tayari umeshaingia kwenye utafiti. Pasipokuwa na vipimo kabisa Marie alipafunika kwa kisanduku kikubwa cha maelezo, alitamani aweke na nguva na meli zilizozama, Heezen akagoma. Mimi ningempa nguva wake.

Ile ramani maarufu ya bahari zote ilitoka 1977, rangi kapaka Heinrich Berann, Mwaustria aliyezoea kuchora milima ya Alps. Nzuri mno, ila miteremko imevutwa juu kuliko ilivyo, wangeichora kwa vipimo halisi ungeona karibu bapa tupu. Hapo mwalimu ana haki kidogo, mkono wa mchoraji unaongeza chumvi.

Kwahiyo Jumamosi panda pale juu ya ukingo panapoonekana Ziwa Manyara, chora, onyesha kaskazini iko wapi, andika tarehe na umesimama wapi, na usipopaona vizuri weka mstari wa nukta nukta, usibuni. Jumatatu mpelekee mwalimu hiyo karatasi, alafu niandikie kasemaje.