Spika bapa za sumaku: kabla hujatuma hela, kagua utando

Mkuu, swali lako nimelisoma na majibu yote nimeyapitia. Ndugu yako aliyeko Uingereza amekutafutia jozi ya spika bapa za Magnepan za mtumba, unataka kuziweka kwenye sebule yako ya Nyegezi, Mwanza, inayotazama ziwa, unauliza kama amplifaya ya sabufa au ya ukumbini itazisukuma, na unashangaa kwa nini ziwe ghali hivyo wakati ndani hamna boksi wala koni. Mchangiaji mmoja hapo juu amesema unauziwa mbao iliyovishwa kitambaa. Mimi ni fundi spika hapa Kirumba, na jozi ya aina hiyo ninayo nyumbani. Niliifungua yote nikaigandisha nyaya upya, kwa hiyo nakuelezea kitu nilichokishika.

Spika uliyoizoea ina koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, iliyoshikizwa nyuma ya koni, ule uso wa mbele unaotetemeka. Umeme ukipita, koili inasukuma koni kutokea katikati, na kingo zinafuata kwa kuchelewa. Kwenye spika bapa, koili yenyewe imetandazwa. Waya wa alumini unapanda na kushuka juu ya utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele, umegandishwa kwa gundi toka juu mpaka chini. Nyuma yake kuna bati lenye matundu, limepangwa mistari ya sumaku. Nguvu inazaliwa kwenye kila sentimita ya waya, na ndiyo maana utando unakwenda wote kwa pamoja. Aliyeifanya iwe bidhaa ya kuuzika ni Jim Winey, mhandisi wa kampuni ya 3M ya Marekani, ambako alikutana na sumaku laini zinazokunjika. Alianzisha Magnepan mwaka 1969, na kiwanda kiko White Bear Lake, Minnesota.

Sasa bei. Mbao na kitambaa havina gharama kubwa, hapo jamaa yupo sahihi. Hela imekwenda kwenye kuvuta utando na kugandisha nyaya, kazi mbili ambazo ukizikosea kidogo spika nzima haina maana. Utando ukilegea, besi ikija unagonga sumaku na kutoa mlio wa kukwaruza. Ukikazwa kupita kiasi, besi inakufa. Tena lazima mvuto ufanane kwenye spika ya kushoto na ya kulia, la sivyo mwimbaji hatulii katikati, anahamahama kila akibadili sauti. Hata utando mmoja haukazwi ukaachwa hivihivi: Magnepan wanaubana kwa vifungo vidogo sehemu mbalimbali, ili kila eneo liwe na mtetemo wake na besi isirundikane kwenye noti moja.

Ya kwangu niliinunua ikiwa inanguruma kila sauti ya mwanamke ikipanda. Nilipong'oa pini na kuvua kitambaa, kwa macho ya kawaida nyaya zilionekana zimekaa vizuri. Nikamulika tochi kwa ubavu. Pale gundi iliposhika, kivuli cha waya kiligusana na waya wenyewe. Pale ilipoachia, kivuli kilikaa pembeni, kimeachana nao. Kona ya chini yote ilikuwa hivyo. Gundi ya zamani ilikuwa imegeuka unga wa kahawia, unaupangusa na kidole unatoka. Nikasafisha kwa pamba taratibu, sentimita chache kila mara, kwa sababu ukikandamiza unaacha kunyanzi ambalo halitoki tena. Gundi mpya nilipaka kwa brashi, tabaka jembamba sana. Hapo mafundi wengi wanaharibu: wanamwaga gundi wakidhani ndiyo uimara, kumbe uzito wa gundi unabebwa na utando, na sauti za juu zinafifia. Halafu kila waya uurudishe kwenye njia yake ileile katikati ya mistari miwili ya sumaku, ndipo uga wa sumaku una nguvu. Ukiukosesha milimita kadhaa, sehemu hiyo inasukuma kwa unyonge. Ncha nazo zinataka subira, maana alumini haishiki solda ya kawaida kirahisi; inavaa oksidi mara tu inapokutana na hewa.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndilo litakalokukuta. Gundi hizi adui zake ni jua na unyevu, na Nyegezi unavyo vyote. Jua la jioni linakuja kwako kutoka upande wa ziwa. Weka pazia zito, na spika zisikae mahali mwanga unapopiga moja kwa moja. Wadudu wa ziwani nao, msimu wakija kwa makundi wanafuata taa na kupenya nyuma ya kitambaa. Usiku huo zima taa ya upande wa spika, funga dirisha. Na kama una jirani anayechomelea mageti, fahamu kwamba sumaku inavuta vumbi la chuma. Likiingia kwenye matundu na kugusa utando, linakwaruza.

Kuna aliyekushauri uchukue za umemetuli badala yake, yaani zinazosukuma utando kwa chaji ya umeme bila sumaku, kama zile za kampuni ya Quad alizozitoa Peter Walker mwaka 1957. Nazipenda sana, sauti ya mtu kwenye zile ni ya ajabu. Ila zinachomekwa ukutani na utando wake unachajiwa kwa maelfu ya volti, na volti hizo zinavuta vumbi na hazipatani na hewa yenye maji. Kwa pwani ya ziwa, na umeme wetu unaopanda na kushuka, mimi nachagua za sumaku. Hazihitaji soketi kabisa.

Kwenye daraja la juu ushindani uko kwenye sumaku. Bruce Thigpen wa kampuni ya Eminent Technology, Florida, anaziweka pande zote mbili za utando, ili nguvu isipungue utando unapojitenga na upande mmoja. Matokeo ni sauti safi zaidi, lakini sumaku hizo zimepangwa ncha za aina moja zikitazamana, kwa hiyo zinasukumana muda wote na fremu isipokuwa ngumu inapinda. Vilevile sauti inapaswa kupenya katikati ya sumaku za mbele, na nafasi hizo zikipangwa vibaya zinaongeza mlio usiotakiwa. Wengine wanatumia sumaku ya neodimia, ambayo ina nguvu kubwa kwa kipande kidogo, ila inashika kutu vibaya ikikosa ngozi ya nikeli. Ukinunua za neodimia kwa huku kwetu, chunguza kingo za sumaku kwa tochi. Kampuni ya Apogee ilikwenda mbali zaidi kwa kutumia ukanda wa alumini, na modeli yao ya Scintilla ilishuka mpaka omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; namba ikiwa ndogo, amplifaya inabeba mzigo mkubwa), mzigo uliozishinda amplifaya nyingi. Kwa masikio yangu ukanda mtupu, usio na plastiki, kwenye sauti za juu haujapata mpinzani, lakini ni dhaifu. Mtoto akiupuliza tu kwa karibu unaweza kunyooka mikunjo.

Kuhusu amplifaya yako. Modeli ya Magnepan kama 1.7i ni omu 4, na mzigo wake haubadilikibadiliki, hilo ni jema. Tatizo ni kwamba ni nzito kusukuma: desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 4 ni wati 2. Ukitaka kuongeza desibeli 10 juu ya hapo unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo sahau ile amplifaya ya kwenye sabufa. Ya ukumbini uliyoitaja inaweza, mradi imeandikwa kuwa inakubali omu 4 na feni yake haikusumbui.

Chumba ndicho watu wanachokidharau. Spika hizi zinatoa sauti mbele na nyuma kwa usawa, na pembeni kuna ukimya, kwa sababu pande mbili zinafutana. Kwa sebule zetu za tofali, marumaru na madirisha ya alumini hiyo ni faida, kuta za pembeni hazirudishi kelele nyingi. Na kwa kuwa ni ndefu, dari na sakafu nazo zinasumbua kidogo. Lakini besi nayo inajifuta: wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, linazunguka ukingo wa spika na kukutana na mwenzake wa nyuma. Ndiyo sababu modeli kubwa ya Magnepan, 20.7, ina kimo cha takriban mita 2. Ziache angalau mita 1 kutoka ukuta wa nyuma, zaidi ukiweza. Kama lazima ziegemee ukuta kwa ajili ya seti ya makochi, nakuomba usinunue.

Na ujue unachopata. Ukipiga bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, iliyorekodiwa vizuri, hutapigwa kifuani kama sabufa inavyofanya. Utasikia ngozi, pigo linavyotua na linavyoondoka, na kila mpigaji amesimama mahali pake. Mimi hilo ndilo lililonifanya nisirudi kwenye maboksi. Mwenye kutaka kishindo aongeze sabufa nzuri chini kabisa.

Kabla hujalipa, mwambie ndugu yako apime kila spika kwa multimita: usomaji uwe karibu na omu 4 na zote mbili zifanane. Kisha acheze mlio mmoja mmoja kutoka kwenye simu, aupandishe polepole kuanzia hezi 40 hadi 400 kwa sauti ya chini, sikio likiwa karibu na kitambaa. Mngurumo wowote huenda ni waya ulioachia, na hapo bei ishuke sana au muachane. Aulize zilikaa chumba gani na kama kuna aliyewahi kuzifungua.

Kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,100. Zisafiri zimesimama wima, uso kwa uso, katikati zikitenganishwa na godoro jembamba, na kitu kisilazwe juu yake. Miguu ya kiwandani wengi wanailalamikia kwamba inayumba. Mimi nilimpa seremala mninga mkavu anitengenezee fremu, na mninga hausinyai ovyo hata mvua za masika zikikolea. Ukifika hatua hiyo, tuma vipimo vya sebule na picha ya ukuta wa nyuma hapahapa kwenye uzi, nikuoneshe pa kuanzia kuzisimamisha.