Usilipe kwa simu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kuna kampuni ya kukusanya madeni inakupigia kuhusu ule mkopo wa kutibu meno, wanataka dola 2,140, na unaniuliza: "Mama, niwatumie hata dola 50 wanyamaze?"

Usiwatumie. Hata kumi usitume.

Mimi ndiye niliyekulea nikikuambia dawa ya deni kulipa, na sijabadilika. Lakini ulipokuwa darasa la nne, hapa hapa Marekani, nilipigiwa simu ya namna hiyo kwa deni la zamani la matibabu. Nilikuwa jikoni, mikono ina unga, aibu ikanijaa nikawasomea namba za kadi pale pale. Dola 40. Baadaye nikaambiwa deni lile lilikuwa limepita muda wa kushtakiwa, na kwa sheria ya jimbo letu malipo yale madogo yalilifufua upya. Risiti ninayo hadi leo.

Kwa hiyo kwanza wakuoneshe wanachodai. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inawataka wakupe maelezo ya deni kwa maandishi ndani ya siku 5 tangu walipokutafuta mara ya kwanza. Ukilipinga kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uyapokee, ni lazima wasimame kudai mpaka wakutumie uthibitisho. Kulipinga kwa mdomo hakukupi ulinzi huo. Andika mistari miwili: unapinga deni, unataka uthibitisho wa kiasi na jina la mkopeshaji wa kwanza. Nakujua ulivyo mpole, utataka kuomba radhi na kueleza ulivyoteseka na jino. Usifanye hivyo, wala usiandike "deni langu". Itume barua hiyo kwa rejista ya posta, ubaki na nakala.

Wakati unasubiri, toa mkataba wa mkopo uusome taratibu. Mingi ya mikopo hii huahidi kutotoza riba kwa miezi kadhaa, lakini salio likibaki hata kidogo muda ukiisha, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Nadhani ndiko deni lako lilikovimbia. Jumlisha kila ulicholipa, halafu iombe kliniki mchanganuo wa gharama, maana uliniambia jino la mwisho hawakulimaliza.

Usitegemee ile nafuu ya mwaka 2023, madeni ya matibabu ya chini ya dola 500 yalipoondolewa kwenye taarifa za mikopo, zile rekodi wanazoangalia wakopeshaji. Kliniki ilishalipwa, wewe unadaiwa na mkopeshaji, na deni lako linahesabiwa kama mkopo wa kawaida.

Wakithibitisha na hesabu ikawa sahihi, tutalipa. Makubaliano yawe kwenye karatasi kabla pesa haijatoka. Lakini zikija karatasi za mahakama, usizifiche kwenye droo. Zijibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, na utafute msaada wa kisheria wa bure. Ukikaa kimya, mahakama inaweza kuwapa ushindi bila kukusikiliza, na mshahara wako ukaanza kukatwa.

Maelezo yao yakifika, yapige picha pande zote mbili unitumie. Siku ya mwisho ya kupinga huwa imeandikwa humo. Jumapili nitakupigia tuandike barua pamoja. Na lile jino, bado linakuuma usiku?

Mama yako